Setilaiti za Kwanza na Waliozisikiliza

Leo tuzungumze habari za setilaiti za mwanzo, zile za mwisho wa miaka ya hamsini na za miaka ya sitini. Watu wakisimulia habari hizi hupenda kuanza na roketi: moto, moshi na kishindo. Mimi nitaanza na sauti, na si kwa sababu tu tuko redioni. Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu haikuwa na kamera wala darubini, na haikubeba mtu wala mnyama. Ilikuwa redio iliyofungiwa ndani ya tufe la aluminiamu, na kipindi chake kilikuwa kimoja tu, mlio mfupi unaorudiwa: pi, pi, pi. Kama huku chini kusingekuwa na mtu wa kuusikia mlio ule, lile lingekuwa bati tu linalozunguka.

Wanaorusha wameandikiwa vitabu, wamechongewa sanamu, wametiwa kwenye stempu. Wanaosikiliza husahauliwa upesi. Na katika kazi hiyo ya kusikiliza pwani yetu ya Afrika Mashariki ina sehemu yake, Unguja na kule Ngomeni karibu na Malindi. Tutafika huko, lakini njia inapitia Kazakhstan kwanza.

Ilikuwa Ijumaa tarehe 4 Oktoba 1957, saa nne na dakika 28 usiku kwa saa za Moscow, ambazo siku hizi ndizo saa zetu pia. Huko Tyuratam, kwenye nyika kavu ya Kazakhstan, mahali ambapo baadaye dunia ilipajua kwa jina la Baikonur, usiku wa manane ulikuwa umeshapita. Roketi iitwayo R-7 ikawashwa. Injini moja ya pembeni ilichelewa kufikia nguvu yake, na kwa muda mfupi mambo yakawa ya kubahatisha, lakini roketi ikajiweka sawa, ikaenda. Dakika tano hivi baadaye lile tufe likaachana na roketi, likaanza kulia. Wahandisi waliokuwa wamejibana kwenye mitambo ya redio wakausikia mlio, wakashangilia, kisha ukapotea, maana tufe lilikuwa limeshavuka upeo wa macho. Hapo ikabidi kungoja. Hakuna aliyekuwa na hakika kwamba litazunguka na kurudi. Lilihitaji dakika 96 kuizunguka dunia mara moja, na ni baada ya kulisikia tena, likitokea upande wa pili, ndipo walipothubutu kumpelekea habari kiongozi wao, Nikita Khrushchev.

Tufe lenyewe, ambalo dunia ililiita Sputnik 1, lilikuwa na kipenyo cha sentimita 58 na uzito wa kilo 83.6. Kati ya kilo hizo, kilo 51 zilikuwa betri. Yaani zaidi ya nusu ya setilaiti ya kwanza ya dunia ilikuwa betri za kuifanya redio iseme. Ndani lilijazwa gesi ya nitrojeni na kutiwa feni ndogo ya kupoza. Redio zilikuwa mbili, kila moja na nguvu ya wati 1, zikipokezana kulia. Moja kwenye megahezi 20.005 na nyingine kwenye megahezi 40.002. Nje zilichomoza antena nne ndefu zikielekea nyuma.

Sasa tazama walivyochagua masafa yale. Megahezi 20 ni masafa mafupi ambayo redio nyingi za wakati ule ziliweza kuyanasa, na tena yako jirani kabisa na kituo cha Marekani kinachotangaza saa sahihi. Miezi kadhaa kabla ya kurusha, jarida la Kisovieti la wapenzi wa redio lilikuwa limeshachapisha masafa hayo na kueleza jinsi ya kusikiliza. Walitaka wasikike. Wangeweza kurusha kimya kimya na kutangaza kesho yake gazetini, na nusu ya dunia ingesema ni uongo wa propaganda. Badala yake, kijana yeyote mwenye redio nzuri na waya uliofungwa juu ya paa aliweza kuhakikisha mwenyewe. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa wa werevu kuliko roketi yenyewe.

Aliyeongoza kazi yote hii alikuwa Sergei Korolev. Mwaka 1938 alikamatwa katika ile kamatakamata ya Stalin, akapelekwa Kolyma kwenye machimbo ya dhahabu, akatoka huko afya imeharibika na meno yamemtoka. Mtu huyu ndiye aliyekuja kuipa nchi yake ushindi mkubwa kuliko wote wa zama zile, na jina lake halikutajwa. Magazeti yalimwita Mbunifu Mkuu, basi. Dunia ililisikia jina la Korolev alipofariki, Januari 1966.

Na Sputnik 1 haikuwa setilaiti aliyoipanga mwanzo. Alikusudia kurusha maabara kubwa, ya zaidi ya kilo 1,300, yenye vifaa vya kupimia kila kitu huko juu. Maabara ikachelewa. Korolev akawa na wasiwasi kwamba Wamarekani watamtangulia, kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwa zimeshatangaza kwamba zitarusha setilaiti katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ulioanza Julai 1957. Akaomba ruhusa ya kutengeneza kitu chepesi kisicho na makuu, na waliokitengeneza walikiita hivyo hivyo katika karatasi zao: setilaiti sahili kuliko zote.

Wapo wanaouliza hadi leo, kwa nini kitu kile hakianguki? Kinaanguka. Muda wote kinaanguka. Ila kinakwenda mbele kwa kasi ya karibu kilomita 8 kwa sekunde, na dunia ni duara, kwa hiyo kila kikishuka kidogo, ardhi nayo imeshajipinda chini yake kwa kiasi kilekile. Hiyo ndiyo siri ya setilaiti zote. Tatizo la Sputnik ni kwamba ilipokuwa karibu na dunia ilipita kwenye kimo cha kilomita kama 215, na huko bado kuna hewa, nyembamba mno lakini ipo, nayo huiburuta. Betri zilikwisha baada ya wiki tatu, mlio ukakatika, na tarehe 4 Januari 1958 tufe likaingia kwenye hewa nzito na kuungua. Na wale wazee waliokuwa wakijisifu kwamba waliiona Sputnik kwa macho usiku, wasibishiwe sana, kitu walikiona kweli. Ila kilichong'aa vile kilikuwa kipande kikubwa cha roketi kilichokuwa kikizunguka pamoja nayo. Tufe lenyewe lilikuwa dogo mno.

Marekani ilitikisika. Haikutikiswa na tufe la kilo 83. Ilitikiswa na R-7. Roketi ile ilikuwa kombora la masafa marefu, lililobuniwa kubeba bomu la nyuklia kutoka bara moja hadi jingine. Kila pi-pi ilikuwa inasema hivyo bila maneno.

Lakini katikati ya kiherehere kile palikuwa na vijana wawili waliofanya jambo la utulivu, na kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu ya habari yote. William Guier na George Weiffenbach walikuwa wanafizikia katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huko Maryland. Jumatatu baada ya Sputnik kurushwa waliuliza kazini kama kuna mtu aliyeisikia. Hakuna. Weiffenbach alikuwa na redio ya masafa mafupi ofisini kwa shughuli zake nyingine. Wakaunga waya nyuma yake, wakaweka masafa, wakangoja, na kweli ikaja. Wakairekodi kwenye tepu.

Wakagundua kwamba mlio haukai mahali pamoja. Ukisimama kando ya barabara kuu na basi likapita linapiga honi, unasikia honi ikiwa nyembamba likija na nzito likishakupita, ingawa dereva hajabadilisha kitu. Mawimbi ya redio nayo ni hivyohivyo. Sputnik ilipokuja upande wao masafa yalipanda kidogo, ilipoondoka yakashuka, na kwa kupima jinsi yalivyokuwa yakishuka, kwa hesabu za siku nyingi na msaada wa kompyuta, wale wawili waliweza kusema njia nzima ya setilaiti kuizunguka dunia. Kutoka kwenye chumba kimoja, kwa sauti peke yake.

Mwaka uliofuata mkubwa wao, Frank McClure, akawaita na kuwauliza swali lililogeuza mambo. Kama mkijua mlipo mnaweza kujua setilaiti ilipo, je, mkiijua setilaiti ilipo mnaweza kujua mlipo ninyi? Jeshi la majini la Marekani lilikuwa linatengeneza nyambizi za kubeba makombora ya Polaris, na nyambizi isiyojua ilipo haiwezi kulenga kitu. Wakarudi na jibu: inawezekana, tena kwa usahihi mkubwa. Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa Transit, setilaiti za kuongozea meli, na baada yake ule wa GPS tunaoutumia leo kwenye simu. Dereva wa bodaboda anayeitazama simu yake atafute nyumba ya mteja anatumia swali la McClure.

Tuendelee. Tarehe 3 Novemba 1957 Wasovieti wakarusha Sputnik 2, kilo 508, ndani yake mbwa aitwaye Laika. Hapakuwa na mpango wowote wa kumrudisha. Kwa miaka mingi ilisemwa aliishi siku kadhaa. Mwaka 2002 mwanasayansi wa Kirusi akaeleza kwamba alikufa baada ya saa chache tu, kwa joto na hofu. Sina zaidi la kusema hapo, isipokuwa kwamba haraka ile ilikuwa ya sherehe za miaka arobaini ya mapinduzi ya Urusi, wala si haraka ya sayansi.

Wamarekani wakajibu vibaya. Tarehe 6 Desemba 1957, mbele ya waandishi wa habari na kamera, roketi yao ya Vanguard iliinuka mita moja na kitu pale Cape Canaveral, ikapoteza nguvu, ikakaa chini na kulipuka. Setilaiti yake ndogo ikatupwa pembeni, ikalala ardhini, na redio yake ikaendelea kulia kana kwamba imefika. Unaweza kucheka, lakini fikiria waliokuwa wameketi mbele ya mitambo wakiusikia mlio ule waliousubiri zaidi ya miaka miwili, ukitokea kichakani.

Walipofanikiwa, tarehe 31 Januari 1958, ilikuwa kwa roketi ya kundi la Wernher von Braun, Mjerumani aliyewatengenezea Wanazi makombora ya V-2 kabla ya kuchukuliwa na Wamarekani. Setilaiti iliitwa Explorer 1, kilo 14 hivi. Na kwao pia shughuli ngumu ilikuwa kungoja. Von Braun na wenzake wawili, William Pickering na James Van Allen, walikuwa Washington, Pickering simu sikioni, wakiwangoja watu wa California waseme wameisikia ikirudi baada ya mzunguko wa kwanza. Muda waliokuwa wameupiga hesabu ukafika. Kimya. Dakika moja, tatu, tano. Kimya. Dakika nane zikapita ndipo simu zikaanza kuleta habari: imesikika. Roketi ilikuwa imeipandisha juu zaidi ya ilivyokusudiwa, hivyo mzunguko ukawa mrefu zaidi. Ile picha maarufu ya watu watatu wanaoinua mfano wa setilaiti juu ya vichwa vyao ilipigwa usiku huohuo, na ukiwatazama nyuso utaona watu waliokoswa na kitu.

Van Allen ndiye aliyeweka ndani ya Explorer kifaa cha Geiger cha kuhesabu mionzi. Hakikuwa na tepu ya kuhifadhi hesabu, kwa hiyo kilichopatikana ni kile tu kilichosikika wakati setilaiti inapita juu ya kituo chenye antena, dakika chache hapa, dakika chache pale. Karatasi zilipofika mezani zilikuwa na jambo la ajabu. Ikiwa chini, hesabu ni za kawaida. Ikiwa juu sana, sifuri. Mionzi imekwisha? Machi mwaka huo Explorer 3 ikarushwa ikiwa na tepu, na sasa mchoro ukaonekana mzima: hesabu zinapanda, zinapanda mno, kisha ghafla sifuri, kisha zinarudi. Sifuri ile ilitokana na mionzi kuwa mingi kiasi cha kukifanya kifaa kielemewe. Dunia imezungukwa na mikanda ya mionzi iliyonaswa na usumaku wake, na mikanda hiyo hadi leo inaitwa kwa jina la Van Allen.

Wasovieti wangeweza kuwa wa kwanza. Sputnik 2 ilikuwa na vifaa vya kupima mionzi pia. Ila vituo vyao vya kusikilizia vilikuwa ndani ya nchi yao, na juu ya nchi yao setilaiti ilipita chini, nje ya mkanda wenyewe. Ilipopanda juu kabisa ilikuwa upande wa kusini wa dunia, na huko waliokuwa wakiirekodi walikuwa wanasayansi wa Australia. Husimuliwa kwamba Moscow iliwaomba rekodi zile, Waaustralia wakaomba wapewe kwanza namna ya kuzisoma, na hakuna aliyekubali kumpa mwenzake. Ugunduzi ukapotea hivyo, kwa kukosa sikio upande wa kusini.

Marekani ililielewa somo hilo mapema. Ilipoanza mpango wa Mercury wa kurusha watu, ilitaka mwanaanga asikae zaidi ya dakika 10 bila kituo cha kuongea naye. Chukua tufe la dunia, chora njia anayopita kutoka Florida, na utaona haina budi kuvuka Afrika. Vikawekwa vituo Visiwa vya Kanari, Kano huko Nigeria, na Zanzibar. Makubaliano ya kituo cha Zanzibar yalitiwa saini mwaka 1960 na Uingereza, iliyokuwa ikivilinda visiwa wakati huo, na mitambo ikajengwa Tunguu, katikati ya Unguja.

Siasa za visiwani zilikuwa zimechemka tayari, na kituo kikaingia katika siasa hizo tangu siku ya kwanza. Wapo walioamini ni kambi ya makombora. Ukiitazama hali ya wakati ule huwezi kuwalaumu: teknolojia moja, roketi zilezile, na mkataba uliopangwa na watu wasiopigiwa kura na Wazanzibari. Wamarekani walieleza kwamba pale pana antena tu. Na walikuwa wakisema kweli, lakini ni vigumu kumwambia mtu kwamba antena ya taifa lenye mabomu ni antena tu.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alirushwa, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Mrusi Yuri Gagarin alikuwa ameshatangulia tangu tarehe 12 Aprili 1961, na yeye pia Afrika ilimpitia chini, kwani injini ya kupunguza mwendo iliwashwa alipokuwa karibu na pwani ya magharibi, upande wa Angola, naye akalivuka bara letu akishuka kurudi nyumbani. Glenn alizunguka mara 3. Mara ya kwanza aliongea na Kano, akawaambia anaona vumbi jingi chini, nao wakamjibu upepo umekuwa mkali siku hizo. Kisha sauti yake ikachukuliwa na Tunguu. Hapo alikuwa na zoezi la kufanya, kuvuta kamba ya mpira kwa nguvu huku daktari aliyekuwa Unguja akifuatilia mapigo ya moyo wake yaliyokuwa yakijichora kwenye karatasi. Moyo wa mtu ukipiga juu ya bahari yetu, na kalamu ikiuandika Tunguu. Dakika chache, kisha akaenda zake, na juu ya Bahari ya Hindi akaliona jua likizama upesi kuliko alivyowahi kuliona mtu wa huku chini.

Mei 1963 alipita Gordon Cooper, mizunguko 22. Zilikuwa siku ambazo viongozi wa Afrika walikuwa wakikusanyika Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Alipofika juu ya Zanzibar Cooper akatuma salamu kwa Afrika kwa redio, kwamba ameipita Addis Ababa dakika chache zilizopita na anawatakia viongozi mafanikio. Bila shaka ilikuwa diplomasia iliyoandaliwa. Hata hivyo sijui salamu nyingine iliyotumwa kwa mkutano ule kutoka mahali pa juu zaidi.

Kituo hakikudumu. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakatokea, Wamarekani wakahamishwa kwa meli, na mwaka huohuo serikali mpya ikataka mitambo iondoke. Kazi ikahamia Bukini, yaani Madagaska, kwenye kituo cha Tananarive.

Wakati Tunguu inafungwa, Waitaliano walikuwa wakiangalia kaskazini zaidi. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, ambaye pia alikuwa jenerali wa jeshi la anga, alitaka mahali pa kurushia roketi karibu na ikweta. Sababu ni mbili. Ya kwanza, dunia inapojizungusha, mtu aliyeko ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikirushwa mashariki kutoka hapo inaanza na kasi hiyo ya bure. Ya pili, ukitaka setilaiti izunguke juu ya ikweta yenyewe, ni ghali sana kuipeleka huko ukianzia mbali. Broglio akachagua bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kama digrii 3 kusini ya ikweta, akasimamisha majukwaa ya chuma baharini kama yale ya kuchimbia mafuta. Moja liliitwa San Marco, la kurushia. Jingine Santa Rita, la waongozaji. Mbele yake hakuna kitu ila Bahari ya Hindi, kwa hiyo roketi ikianguka haimwangukii mtu. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikaruka kutoka hapo kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout, na warushaji walikuwa Waitaliano.

Kubwa zaidi lilikuja Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970. Wanasayansi wa Marekani wakiongozwa na Riccardo Giacconi walikuwa na setilaiti ya kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Hewa yetu huzizuia eksirei hizo, jambo jema kwa ngozi zetu na baya kwa wanajimu, hivyo hadi hapo walikuwa wakitumia roketi ndogo zinazopanda na kushuka, dakika chache za kutazama kila safari. Kwa roketi kama hiyo mwaka 1962 Giacconi alikuwa amegundua chanzo kikali katika kundinyota la Nge. Sasa alitaka kitu kitakachokaa juu miaka, kwenye mzunguko wa ikweta, mbali na mionzi ya Van Allen ambayo ingevuruga vipimo. Yaani ugunduzi wa 1958 ndio uliomleta Ngomeni mwaka 1970.

Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, mhandisi wa umeme Marjorie Townsend, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa wakati ule. Kwa kuwa siku ya kurusha iliangukia sikukuu ya uhuru wa Kenya, miaka 7 kamili, na kwa kuwashukuru wenyeji, aliipa setilaiti jina la Uhuru. Ilijizungusha polepole, mara moja kila dakika 12, ikipangusa anga kwa macho yake mawili. Ikaonyesha kwamba chanzo kimoja, Centaurus X-3, kinapiga kila sekunde 4.8 na kupatwa kila baada ya siku 2 na kitu, maana yake ni nyota ya nyutroni inayoinyonya nyota mwenzake huku ikiizunguka. Ikafuatilia kingine, Cygnus X-1, ambacho wanajimu walipokitafuta kwa darubini za ardhini walikuta nyota kubwa ikizunguka na kitu kizito kisichoonekana. Ndicho kitu cha kwanza ambacho wanasayansi walio wengi walikubali kukiita shimo jeusi. Mwaka 2002 Giacconi akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Orodha ya mwisho iliyotokana na Uhuru ina vyanzo 339, na kila kimoja kimeandikwa kwa namba inayotanguliwa na 4 na herufi U. Hadi leo mnajimu wa Tokyo au Chile akiandika makala kuhusu 4U 1820-30, ile U ni ya Uhuru.

Je, Kenya ilipata nini? Swali hili huulizwa kila mara na ni haki liulizwe. Roketi za Mmarekani, wafanyakazi wa Mwitaliano, bahari ya Mkenya. Katika miaka 21 zilirushwa setilaiti 9 kutoka Ngomeni, ya mwisho mwaka 1988, na Wakenya walioingia katika sayansi yenyewe kwa sababu ya majukwaa yale walikuwa wachache. Setilaiti ya Kenya ya kuangalia ardhi, Taifa-1, ilirushwa Aprili 2023, lakini kutoka Marekani, kwa roketi ya SpaceX. Wavuvi wa Ngomeni wanaona chuma cha San Marco kimesimama palepale baharini, na ukiwauliza watakwambia kinafaa kwa samaki.

Kilichobaki hai ni antena za nchi kavu. Tarehe 25 Desemba 2021, Krismasi, darubini ya James Webb iliporushwa kutoka Guiana ya Ufaransa, roketi ilivuka Atlantiki na Afrika ikiwa bado imeibeba. Zilipoachana, karibu nusu saa baada ya kuruka, zilikuwa upande wetu wa dunia, kamera ya roketi ikionyesha Pembe ya Afrika kwa chini, na kituo cha Malindi ndicho kilichokuwa kazini kunasa redio ya darubini.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitawaletea habari za Telstar, setilaiti iliyovusha picha za televisheni juu ya bahari mwaka 1962, na kwa nini ilikufa mapema.